Vichekesho vya zamani vya TV: vipi bado vinachekesha, vipi vimechacha?

Mdau_Igoma

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Kikundi cha sanaa cha Igoma, hapa Mwanza, kinaandaa usiku wa vichekesho vya zamani vya televisheni. Ukumbi unabeba watu kama 200. Nusu watakuwa wazazi, bibi na babu, waliofuatilia TV tangu ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Nusu nyingine ni vijana wa miaka 16 hadi 25 waliozoea video za nusu dakika kwenye simu. Saa ya kwanza tutaonyesha vipande kwa projekta, saa ya pili tutaigiza upya vichekesho vitatu au vinne jukwaani.

Tulicho nacho ni kanda 11 za VHS zilizorekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye TV, na VCD zipatazo 20. Humo kuna Kaole, Mizengwe, King Majuto, Mzee Small, Vitimbi na Vioja Mahakamani za Kenya, Ze Comedy, Futuhi ya Star TV ya hapa hapa Mwanza, na Mr. Bean. Kanda nne zina kitu cheupe kama unga kwenye kingo za utepe. VCD kadhaa zinacheza vizuri kwenye deki lakini kompyuta inagoma kuzinakili.

Hata hivyo kinachoumiza kichwa zaidi ni kicheko chenyewe. Kwenye majaribio, kuna vipande vinavyowapita vijana kimya kabisa huku wazee wanashika mbavu, na kuna vingine ambavyo wazee wenyewe wanakunja uso. Hatutaki mtu asimame na kipaza sauti kueleza utani kabla haujaonyeshwa. Unajuaje mapema kipi kitachekesha pande zote mbili? Kipi kionyeshwe kilivyo, kipi kiandikwe upya, kipi kibaki kabatini?

Natanguliza shukrani.

---

Jukwaa_Kirumba

Marahaba ndugu yangu, na hongereni. Hiyo ni hazina, isiachwe ioze kwenye makasha.

Usikipime kichekesho kizima kwa mara moja. Kimoja kina tabaka kadhaa, na kila tabaka lina mwendo wake wa kuchacha. La juu kabisa, linaloharibika haraka kama dagaa walionyeshewa mvua kichanjani, ni habari za wiki ile. Redykyulass wa Kenya walimwigiza Moi wakati Moi mwenyewe yuko Ikulu. Nusu ya kicheko ilitokana na mshtuko: kumbe mtu anaweza kusema haya kwenye TV na akalala kwake? Moi aliondoka madarakani mwishoni mwa 2002, na mshtuko ukaondoka naye. Namna Walter Mong'are wa kikundi hicho alivyoikamata ile sauti bado ni ufundi mkubwa, ila kijana asiyewahi kumsikia Moi anasikia mzee fulani anakoroma tu. Ze Comedy nao, walipokuwa EATV na baadaye TBC1, walikuwa hodari wa kuiga viongozi na wanamuziki. Chagueni vile ambavyo anayeigwa bado anajulikana, au vile ambavyo hata usipomjua, mtu aliye mbele yako ana vituko vyake vinavyojitosheleza.

Tabaka la pili ni vitu: simu ya mezani yenye kufuli, vocha ya kukwangua, kubipu, barua inayochukua wiki tatu. Hapa tatizo ni dogo kuliko linavyoonekana, kwa sababu kitu kinaweza kubadilishwa na kicheko kikabaki. Bipu ilichekesha kwa kuwa ishara ya siri ilimfikia asiyestahili: binti yuko jikoni, simu inalia mara moja na kukatika, baba anaishika na kuanza kupiga mahesabu. Siku hizi ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaofunguka kwa spika kubwa sebuleni mbele ya wakwe. Kuna mfano wa karibu zaidi. Vichekesho vyote vya Kanda ya Ziwa vinavyosimama juu ya foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi vimeanza kuzeeka tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2025. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu hatajua kwa nini muuza mayai ya kuchemsha alikuwa na habari zote za safari. Kama mnacho kimoja cha aina hiyo, kionyesheni sasa, wakati bado kila mtu ukumbini anaikumbuka ile foleni.

Chini yake kuna nafasi za watu: tajiri bahili na mgeni mwenye njaa, bosi na mtumishi mjanja, mkwe na mkwe, hakimu na mshtakiwa. Hapa ndipo Vioja Mahakamani wanaponifurahisha kuliko wote. Angalieni umbo lake. Mahakama ina lugha yake iliyonyooka, ina utaratibu wa nani aseme lini, na mshtakiwa anaingia na Kiswahili cha mtaani na hesabu zake mwenyewe za haki na kosa. Mambo hayo mawili hayawezi kukaa chumba kimoja bila kugongana. Kesi ya kuku ya miaka ya themanini na kesi ya bodaboda ya leo zinaingia kwenye umbo lile lile bila kubadilisha hata kiti.

Chini kabisa kuna mwili. Mr. Bean ilianza Januari 1, 1990, na katika kipindi hicho cha kwanza kuna mtu anayepambana na usingizi kanisani. Kichwa kinashuka, kinashtuka, mwili mzima unateleza hadi magoti yanafika sakafuni, na jirani yake kwenye benchi anajaribu kutomwona. Hakuna neno linalohitaji tafsiri. Mzee wa miaka 75 na mtoto wa miaka 10 watacheka kwenye sekunde ile ile, kwa sababu kila mmoja amewahi kusinzia mahali asipotakiwa. King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa na utajiri wa namna hiyo usoni. Tazameni macho yake anapoambiwa jambo asilotaka kulisikia: yanaondoka kabla ya mdomo.

Jinsi ya kupima sasa. Chukueni vijana wanne na wazee wanne, vyumba tofauti. Kicheko kinaambukiza, na kijana akiwa karibu na babu atacheka kwa heshima, kwa hiyo mkiwachanganya hamtapata ukweli. Mtu mmoja akae pembeni na saa na karatasi, aandike dakika na sekunde ya kila kicheko, kwa alama mbili: T kwa tabasamu, K kwa kicheko chenye sauti. Vijana wasiwaone mnaandika.

Kisha onyesheni kipande kile kile bila sauti kwa kundi jingine. Kikibakiza nusu ya alama za K, kionyesheni kilivyo, hakitawaangusha. Kikipoteza zote, kicheko kiko kwenye maneno, basi yaandikeni maneno karatasini, kwa Kiswahili cha kawaida kisicho na lafudhi yoyote, msome kwa sauti tulivu. Bado yanachekesha? Kiandikeni upya mkiigize. Yamekufa karatasini pia? Hapo kilichokuwa kinachekesha ni lafudhi peke yake au habari ya siku ile, kibaki kabatini.

Jambo la mwisho kwa leo, mwendo. Vichekesho vingi vya Kaole na Mizengwe vilipigwa kwenye nyumba na uani, bila watazamaji wa kucheka palepale. Mwigizaji hakuwa na wa kumsubiri, na mara nyingi mstari wa pili unaingia juu ya mahali ambapo ukumbi wa watu 200 utakuwa bado unacheka. Kwenye projekta hamuwezi kumsimamisha. Kwa hiyo kipande chenye maneno mengi ya haraka kiwekeni kwenye jukwaa, ambako mwigizaji anaweza kungoja, na vyenye vitendo viwekeni kwenye projekta.

---

Fundi_Deki

Mimi nashika kanda na VCD tu.

Ule unga mweupe ni kuvu. Linapenda sana unyevu wa ziwa na makasha ya kadibodi. USIZIINGIZE kanda hizo nne kwenye deki yenu nzuri. Kuvu linabanduka, linaziba vichwa vinavyosoma utepe, na kanda safi itakayofuata inapakwa lile lile. Kwenye VHS sauti ya kawaida imelala ukingo wa juu wa utepe na alama za mwendo ziko ukingo wa chini. Kuvu linaanzia kingoni, ndiyo maana kanda ya namna hii huanza kupoteza sauti na kuyumba kabla picha haijaharibika. Kwa vichekesho huo ni msiba, maana picha mbovu watu watavumilia, neno lisiposikika hakuna kicheko.

Kanda hufunguliwa kwa skrubu tano chini ya kasha. Fanyieni kazi nje, mbali na watu, mkiwa na barakoa inayobana vizuri. Futeni kingo za utepe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa kidogo spiriti ya isopropili ya 99%. Ile ya 70% ina maji mengi, inachelewa kukauka. Acheni ukauke kabisa, rudisheni kwenye kasha, kisha izungusheni mbele na nyuma mara mbili kwenye deki ya zamani msiyoijali. Baada ya hapo ndipo ipelekwe deki ya kurekodia. Na hata hivyo, hizo nne ziwe za mwisho.

Kusafisha vichwa vya deki: karatasi laini iliyolowa spiriti ishikwe imetulia dhidi ya ngoma, ile silinda inayozunguka yenye vichwa, na ngoma izungushwe kwa mkono kutoka juu. Usisugue juu na chini, wala usitumie pamba ya masikio. Vichwa ni vidogo mno, vinanasa nyuzi na kuvunjika.

Kurekodi kwenda kompyuta: kifaa chochote cha USB cha kunasa video kitafanya kazi mradi kiwekwe PAL, mfumo wa picha wa TV za huku. Vingi vinakuja vimewekwa NTSC, mfumo wa Marekani, mnapata picha nyeusi na nyeupe au inayopanda na kushuka, watu wanadhani kanda imekufa. Rekodini 720 kwa 576, fremu 25. Mkitumia mfinyazo usiopoteza kitu, tengeni kama GB 30 kwa kila saa moja ya kanda. Diski ikijaa, kurekodi kunakatika; ikishindwa kasi, programu inadondosha fremu na sauti inaanza kuachana na midomo kidogo kidogo. Dakika 5 za kwanza hamtaona kosa, dakika ya 40 mtaliona, kwa hiyo kagueni mwisho wa kila faili, siyo mwanzo.

Fremu moja ya VHS ina nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti. Mkiziunganisha ovyo mnaona meno ya kitana kila mtu anapokimbia. Kwenye ffmpeg, programu ya kuchakata video, tumieni kichujio cha bwdif kitoe fremu 50 kwa sekunde. Mwanguko wa mwili, kofi, mlango unaofunguka ghafla, vyote hivyo vinategemea mwendo uliokamilika, mkibaki na 25 zilizochanganywa mnapoteza ukali wake. Na umbo libaki 4:3, na weusi pembeni. Mkivuta picha ijaze ukuta, Mzee Small anakuwa mnene na Mr. Bean anakuwa na uso wa mtu mwingine. Uso ndio kazi yao.

VCD: ndani kuna folda ya MPEGAV na faili kama AVSEQ01.DAT. Video humo imeandikwa kwa vipande vya baiti 2,324 badala ya 2,048 za data ya kawaida, kwa hiyo kunakili kwa kuburuta kunaleta kosa hata kama CD ni nzima. Tumieni IsoBuster kwenye Windows, au vcdxrip kwenye Linux, mtapata MPEG safi. Picha yake ni 352 kwa 288 tu. Msijaribu kuinoa, mtanoa viboksi. Ikuzeni mara mbili, basi. Ile yenye uchafu ioshwe kwa maji na sabuni kidogo, ifutwe kutoka katikati kwenda nje, kamwe isifutwe kwa kuzunguka.

Na msisahau: kumiliki VCD hakuwapi haki ya kuionyesha hadharani. Muoneni afisa utamaduni wa Jiji mapema, awaelekeze COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na Bodi ya Filamu. Wiki moja kabla ya onyesho ni kuchelewa.

---

Binti_wa_Ukerewe

Kaka wa Kirumba kaeleza vizuri sana, ila naona kuna aina moja ya kuchacha ameiacha, na kwa Mwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Kichekesho kinaweza kubaki kilivyo, neno kwa neno, na mahali pakabadilika kwa yaliyotokea.

Mtu kuanguka kutoka kwenye mtumbwi, au abiria kugombania nafasi kwenye chombo kinachoyumba, ni kichekesho cha mwili, kitafaulu kila jaribio mlilopewa hapo juu. Msikiweke. MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Nyerere ikazama jirani na Ukara Septemba 2018. Katika watu 200 wa ukumbi wa Mwanza, lazima yupo aliyezika. Jaribio la vijana wanne halitawaonyesha hilo, kwa sababu anayeumia hapigi kelele. Ananyamaza, na kwenye karatasi yenu ukimya wake unaonekana sawa na ukimya wa mtu aliyechoshwa.

Vivyo hivyo bibi kizee mwenye macho mekundu anayekimbizwa kama mchawi. Michezo ya zamani imemtumia mno, na kwingine labda ni kituko tu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa hivyo hivyo, na macho mekundu yenyewe aghalabu ni ya moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe jikoni. Na chochote kinachofanya mzaha juu ya mtu mwenye ualbino, au mganga anayetaka viungo, kibaki kabatini bila mjadala. Hapo hakuna cha kuandika upya.

Upande wa lafudhi, sikubaliani kwamba ni tabaka la kutupa. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza kwa lafudhi ya Kijaluo, na watu wa Kenya na wa huku ziwani walimpenda miaka mingi. Kilichombeba ni kwamba Ojwang' alikuwa mtu kamili: ana wivu, ana majivuno, anamwogopa Mama Kayai, anapanga mipango inayomrudia. Lafudhi ilikuwa nguo yake, na ndani ya nguo kulikuwa na mtu. Ukiivua nguo, mtu bado yupo. Lakini vipo vichekesho ambavyo ukiivua lafudhi hubaki na hewa. Msukuma anaingia mjini, anasema "habali", watu wanacheka, mwisho. Kwenye kituo cha TV cha mbali hilo lilipita. Igoma nusu ya ukumbi wanazungumza hivyo, na wamekuja wameoga na kuvaa vizuri, wasichekwe kwa ulimi walionyonya kwa mama zao.

Njia ya kuokoa kichekesho cha namna hiyo ni kubadilisha nani anajua. Chukua "kura" na "kula". Toleo lililochacha: mwanakijiji anachanganya maneno, mgombea anamsahihisha, tunamcheka mwanakijiji. Toleo linaloishi: mgombea anasimama, "Ndugu zangu, nimekuja kuomba kura!" Kijiji kizima kinaitikia kwa shangwe, kinamama wanaleta masufuria, wazee wanakaa kwenye mkeka, mwenyekiti anamuuliza mheshimiwa kwa adabu zote mchele uko gari lipi. Kila mtu pale anajua vizuri tofauti ya maneno yale mawili. Mgombea tu ndiye hajui kwamba wanajua. Lafudhi ni ile ile, herufi ni zile zile, na sasa bibi wa Kisukuma aliyekaa mstari wa mbele ndiye anayecheka kwa nguvu kuliko wote.

Kwa Futuhi nina ombi. Pale Star TV kulikuwa na kazi iliyotengenezwa hapa Mwanza, kwa mazingira ya hapa. Katika kile mlicho nacho, msikate sehemu za mtaani hata kama hazichekeshi sana. Watu watataka kuiona barabara ilivyokuwa.

---

Mdau_Igoma

Wabeja sana, nyote. Dada wa Ukerewe, kuna mchezo wa mtumbwi ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Umetoka.

Swali la kuigiza upya. Tuna kisa cha bahili na mgeni wakati wa chakula. Kilivyorekodiwa ni dakika 14, tunataka 6. Tukikata salamu na "hodi" za mwanzo tunapata dakika 3 mara moja, lakini kinakuwa baridi. Kwa nini?

---

Jukwaa_Kirumba

Kwa sababu salamu ndiyo mchezo wenyewe. Kwetu mtu hawezi kumfukuza mgeni aliyeko mlangoni anaulizia hali ya watoto, na mgeni hawezi kusema ana njaa. Adabu imewafunga wote wawili kamba moja. Mkikata salamu mmeikata kamba, wamebaki watu wawili wanaobishana juu ya ugali.

Andikeni kwanza sheria moja ya mchezo, kwa sentensi moja, muibandike ukutani wakati wa mazoezi. Kwa kisa hiki: *mgeni hatataja chakula, mwenye nyumba hatakiri kuwa kipo.* Kisha someni zile dakika 14 mkikata kila mstari usioikaza sheria hiyo. Stori ya shamba la mjomba, toka. Jirani anayekuja kukopa jembe, toka. Mtaona mnafika dakika 7 bila kugusa hodi hata moja.

Kwa mfano, hivi. Samaki aina ya sato yuko mezani, hodi inasikika, bahili anamfunika kwa ungo na kukalia kona ya meza. Mgeni anaingia, anakaa, anavuta pumzi.

— Upepo wa ziwa leo unanukia kitunguu.
— Mvua hiyo inakuja.
— Na nyanya kidogo.
— Mvua kubwa.
— Mvua ya huku kwenu ina ndimu?

Hapa bahili hajibu. Anageuka kumtazama paka, ambaye ameketi anautazama ungo. Wote watatu sasa wanautazama ungo. Hesabuni moja, mbili, kisha mtoto aingie kutoka nje: "Baba, samaki anapoa."

Zile sekunde mbili ni za lazima, na ndizo mwigizaji mchanga atakazokimbia kwa woga wa ukimya. Mkurugenzi asimame nyuma ya ukumbi wakati wa mazoezi na apige kofi moja tu pale mtoto anaporuhusiwa kuingia, mpaka mtoto aizoee. Paka awe wa kitambaa. Paka wa kweli atapata kicheko kikubwa siku ya kwanza na kuharibu kila kitu kinachofuata.

Angalieni pia kwamba hakuna kitu kwenye mistari hiyo chenye tarehe, hakuna simu, bei wala jina la kiongozi. Mkitaka kuongeza kimoja cha leo, wekeni kimoja tu, na kiwekeni mahali ambapo kikitolewa mwakani hakuna kitakachoanguka.

---

Fundi_Deki

Nyongeza ya sauti ukumbini, maana paa la mabati linanitisha. Msiongeze sauti ya spika za mbele mpaka zipige mwangwi. Wekeni mbili mbele kwa kiasi, na mbili ndogo katikati ya ukumbi zikielekea nyuma. Zile za katikati zicheleweshwe milisekunde 3 kwa kila mita moja ya umbali kutoka spika za mbele. Zikiwa mita 15, wekeni 45. Bila hivyo wa nyuma watasikia kila mstari mara mbili, na mstari wa kuchekesha ukisikika mara mbili umekufa.

Sauti ya kanda ikiwa upande mmoja tu, inakilini upande wa pili, kisha kateni mitetemo iliyo chini ya hezi 100, ule mngurumo wa deki unaondoka. Pimeni ukumbi ukiwa na watu kumi na tano ndani, siyo mtupu. Na faili zote ziwe kwenye kompyuta yenyewe, kwa mpangilio wa namba, na nakala kwenye flashi. Deki zibaki nyumbani.

---

Binti_wa_Ukerewe

Mpangilio wa saa ya projekta: msianze na kile mnachokipenda zaidi. Anzeni na usingizi wa kanisani wa Mr. Bean, pande zote zicheke pamoja mara moja. Kisha Vioja, kisha Majuto na Mzee Small, na vile vinavyohitaji kumbukumbu viwekwe katikati, visizidi viwili. Futuhi iwe ya mwisho kabla ya mapumziko, taa zikiwashwa wazee waanze kuwaonyesha vijana ile mitaa iko wapi sasa.

Na wekeni viti vya bibi na babu vikichanganyika na vya vijana. Ile kanuni ya vyumba tofauti ilikuwa ya kupima tu.